Linux Ilizaliwa na Modemu, Kisha Modemu Ikaikana

Wasee wa rika langu tukisema "modemu" tunamaanisha ile kidude ya USB: unaingiza laini, unachomeka kwa laptopu, unanunua bando, maisha yanaendelea. Wadogo zetu hata hiyo hawaijui, wao ni waifai na hotspoti. Lakini kitu kilichobeba jina hilo mwanzo kilikuwa mashine ya kupiga simu. Kupiga simu kabisa, si mfano. Waya unatoka kwa soketi ya simu ya mezani, unaingia nyuma ya kompyuta, kompyuta inapiga namba, modemu nyingine mahali fulani inapokea, halafu hizo mbili zinaanza kupigiana ile kelele ambayo watu wa miaka arobaini huiiga kwenye video wakitaka kutuonyesha venye waliteseka.

Kelele yenyewe haikuwa ya bure. Modemu zilikuwa zinapima laini, zinasikiliza ina makwaruzo kiasi gani, kisha zinakubaliana kasi. Kufikia 1998, kiwango cha V.90 kilikuwa kimefika biti 56,000 kwa sekunde, na hiyo ni kwa karatasi. Ukipata 48,000 za ukweli unashukuru Mungu. Picha moja ya megabaiti tatu, kama hizi unatuma kwa grupu ya familia bila kufikiria, ingechukua karibu dakika tisa. Na mtu akiinua simu ya sebuleni kumpigia shangazi, umerudi mwanzo.

Video nyingi za kukumbuka zamani huishia hapo, kwa kelele. Mimi nataka tuongee juu ya watu ambao hata kelele hawakuisikia. Mwisho wa miaka ya 1990 mtu aliweka Linux kwa kompyuta yake, kila kitu kikawaka, akaambia mashine ipige simu, na mashine ikanyamaza tu. Ukiwahi kusikia mtu mzima akisema "Linux ni ngumu, hata intaneti haishiki", jua sehemu kubwa ya hiyo sifa ilitoka hapa. Na kwa maoni yangu ni kesi ambayo alihukumiwa mtu asiye na hatia.

Kejeli ya kwanza: Linux yenyewe ilianza kama programu ya modemu. Januari 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alipata kompyuta ya 386. Alitaka kukaa nyumbani na kupiga simu kwa kompyuta za chuo asome barua na majadiliano. Programu aliyokuwa nayo haikumridhisha, akaandika yake. Sehemu moja ilichukua herufi kutoka kwa kibodi na kuzipeleka kwa modemu, nyingine ikachukua zilizotoka kwa modemu na kuziweka kwa skrini. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Halafu akataka kuhifadhi faili alizopakua, kwa hivyo ikabidi aandike draiva ya diski. Halafu mfumo wa faili. Ukishakuwa na hivyo vitu vyote, huna tena programu ya simu, uko na nusu ya mfumo endeshi. Agosti 25 mwaka huohuo akatangaza kwenye mtandao kwamba anaunda mfumo endeshi, kwa kujifurahisha tu.

Kuna kisa kingine amekisimulia mwenyewe. Wakati huo bado alikuwa anatumia Minix kwa kazi za kila siku. Siku moja alitaka mashine ipigie chuo simu, lakini badala ya kutuma amri kwa modemu akaituma kwa diski. Yaani alipigia diski yake simu. Minix yake ikaharibika, na badala ya kuirudisha akaamua kuhamia kwa kitu alichokuwa anajenga. Manze, mfumo ambao leo unaendesha seva nyingi kubwa na kila simu ya Android umepita kwa tundu la sindano namna hiyo.

Sasa, kwa nini kijana mmoja chumbani aliweza kuandika programu ya modemu bila kuomba mtu ruhusa? Kwa sababu ya modemu zenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem. Ilikuwa na kasi ya biti 300 kwa sekunde, yaani ungeweza kusoma maandishi yakitokea na ukachoka kuyangoja. Lakini ndani yake ilikuwa na ubongo wake. Uliipa amri kwa herufi za kawaida, zikianza na AT, kama kumwita mtu "wee, sikia". ATDT na namba maana yake piga. ATH maana yake kata. ATZ, jisafishe uanze upya. ATM0, nyamaza, watu wamelala. Nayo ilijibu kwa maneno: OK, NO CARRIER, na ile iliyofanya watu wapige ngumi hewani, CONNECT.

Kampuni zingine zote ziliiga. Kwa hivyo kompyuta yoyote, iwe ya mwaka gani, yenye mfumo wowote, mradi inaweza kutuma herufi kwa waya, ingeweza kuendesha modemu. Huhitaji draiva ya kampuni au sidii iliyokuja kwa boksi.

Na kwa sababu kila hatua ilionekana kwa macho, ungeweza kutafuta tatizo kwa kupanda ngazi moja moja. Nimesoma zile hati za zamani za Linux Documentation Project, Modem-HOWTO, Serial-HOWTO, PPP-HOWTO, zote zimeandikwa na watu wa kujitolea, na nakuambia ni elimu. Hakuna somo la netiweki nililokaa darasani lililonieleza mambo kwa mpangilio kama huo. (Ndiyo, darasa nililoacha. Hiyo ni posti ya siku nyingine.)

Ngazi ya kwanza: modemu inasikia? Unafungua minicom, unaandika AT, unangoja. Ikijibu OK, uko na mtu wa kuongea naye. Ikikaa kimya, labda umegonga mlango si wake. Kilichoitwa COM1 kwa Windows ni /dev/ttyS0 kwa Linux, COM2 ni ttyS1, unahesabu kuanzia sifuri. Ikijibu lakini kila herufi inachukua sekunde kadhaa kutokea, kama mtu anaongea akisinzia, hilo lilikuwa tatizo lenye jina: IRQ si yake. IRQ ni ile njia kifaa kinatumia kumshtua prosesa kwamba kina kitu cha kusema. COM1 na COM3 kwa kawaida zilitumia namba 4, COM2 na COM4 namba 3. Ukiweka modemu kwa COM3 na panya kwa COM1, wote wanabonyeza kengele moja na hakuna anayehudumiwa vizuri. Ungetumia setserial kuambia Linux namba ya ukweli, na ghafla modemu inaamka.

Ngazi ya pili ilikuwa simu yenyewe. Kuna watu walipata NO DIALTONE huku wao wenyewe wakiinua mkono wa simu wanasikia mlio vizuri kabisa. Sababu ni kwamba mlio wa kupigia simu haufanani kila nchi, na modemu nyingi zilifundishwa wa Marekani. Dawa ilikuwa herufi mbili, X3: usingoje mlio, piga tu. Na kama mitambo ya simu ya mtaa wako ilikuwa ya zamani haielewi milio, ulibadilisha ATDT kuwa ATDP, modemu ikapiga kwa mikwaruzo kama simu ya kuzungusha.

Ngazi ya tatu, umepata CONNECT lakini kampuni ya intaneti haijakutambua. Hapo kuna jina, paswadi, na programu inaitwa pppd ambayo kazi yake ni kugeuza laini ya simu iwe njia ya intaneti. Na pppd haikuwa na huruma. Ilikuwa inaweza kudai kwamba kampuni ya intaneti ijitambulishe kwako, kana kwamba wewe ndiye umepigiwa, na kampuni ikikataa inakata simu. Watu walihangaika usiku mzima kwa kukosa neno moja kwa faili ya mipangilio: noauth.

Ngazi ya mwisho ndiyo ilikuwa ya kukera zaidi. Umeunganishwa, taa zinawaka, lakini hakuna ukurasa unafunguka. Unajaribu ping kwa namba ya IP. Ikijibu, intaneti ipo, ila kompyuta haijui kugeuza majina kuwa namba, kwa hivyo unaandika anwani ya DNS kwa /etc/resolv.conf. Isipojibu, angalia kama una kadi ya netiweki ya ofisini ambayo tayari imejitangaza kuwa ndiyo njia ya kutoka nje. pppd ikikuta njia ipo haiiondoi, inaiheshimu. Hivyo vifurushi vyako vyote vinaenda kwa waya ambao haujaunganishwa na kitu.

Baadaye ilikuja wvdial, ya vijana wawili wa Kanada, Dave Coombs na Avery Pennarun, ambayo ilijaribu kukisia hizi ngazi zote yenyewe. Naipenda kwa sababu ilikuwa mkweli. Ikifika kwa kampuni ya intaneti na isielewe inachoulizwa, iliandika kwa skrini kwamba haijui ifanye nini, inaanzisha pppd na kutumaini mema. Sijaona programu ya siku hizi inayokuambia ukweli hivyo. Sai unapata tu "kuna hitilafu, jaribu tena baadaye".

Usisahau kila jaribio lilikuwa na bei. Hapa Kenya, hadi 1999, simu zote za mezani zilikuwa za shirika moja la serikali, KPTC, lile lililogawanywa mwaka huo likatoa Telkom Kenya, Posta na CCK. Laini zilikuwa takriban laki tatu nchi nzima. Mwenye laini alilipa kwa muda wa simu, juu ya kile alicholipa kampuni ya intaneti. Ndiyo maana wengi wa wazazi wetu walijulia intaneti kwa saiba. Ukikosea paswadi baada ya CONNECT, simu imeshapokelewa, mita imeshazunguka. BUSY ilikuwa ya bure. CONNECT ndiyo ilikuwa na gharama.

Lakini angalia: hizo ngazi zote zilikuwa na jawabu. Ungeweza kuteseka, ila mwisho wake ulikuwepo. Shida ya kweli ilikuja pale kampuni za vifaa zilipoamua kutoa ubongo kwa modemu.

Katikati ya miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zimepata nguvu. Mtu akafanya hesabu: kwa nini tunaweka chipu ya kuendesha modemu na nyingine ya kutafsiri sauti, na kompyuta yenyewe inaweza kufanya hiyo kazi kwa programu? Wakazitoa. Kwa zingine walitoa chipu moja, kwa zingine zote mbili. Kilichobaki kilikuwa karibu na kadi ya sauti yenye tundu la simu. Kazi yote ikahamia kwa draiva, na draiva iliandikwa kwa Windows peke yake. Watu wakaziita winmodemu, jina lililotoka kwa bidhaa ya US Robotics na kushika zote.

Sitaki kuwa mnafiki. Zilikuwa bei rahisi, na kuna familia zilizopata intaneti mara ya kwanza kwa sababu kompyuta ilishuka bei. Wazo la kutumia programu badala ya chipu si baya, hata simu yako leo imejaa hayo mambo. Shida yangu ni nyingine: walitoa ubongo kwa kifaa, wakauweka kwa faili, halafu wakafunga faili na kukataa kusema kifaa kinaongea lugha gani. Ulikuwa umelipia nusu ya modemu, nusu nyingine ukakodishiwa kwa masharti kwamba utatumia mfumo wanaoutaka wao.

Na kwa Linux dalili yake ilikuwa ya ukatili. Kadi ipo, unaiona kwa macho. Ukiuliza lspci inaitaja kwa jina. Boksi limeandikwa 56K. Lakini unaandika AT, kimya. Mtu anarudi ngazi ya kwanza, anabadilisha ttyS0, ttyS1, anacheza na IRQ, anafungua kompyuta anahamisha kadi. Anatafuta mtu ndani ya nyumba isiyo na mtu. Ndiyo maana wenye uzoefu, kabla ya kukujibu swali lolote, walikuuliza kwanza: ni modemu gani, na ni ya ndani au ya nje? Ya nje, ile boksi yenye taa na waya wa serial, karibu kila mara ilifanya kazi kwa sababu bado ilikuwa na ubongo wake. Lakini iligharimu zaidi, na mwenye laptopu tayari alikuwa na winmodemu imekaa ndani.

Watu hawakukubali tu. Kulikuwa na mradi mzima wa linmodemu, wa kujua ni chipu gani imejificha kwa kadi gani na kama kuna njia. Kwa chipu za Lucent na Smart Link zilipatikana draiva nusu wazi, nusu fumbo: kampuni inakupa kipande kilichofungwa, wanaojitolea wanaandika gundi ya kukishikanisha na kerneli. Gundi ilikuwa lazima ilingane na toleo la kerneli yako. Ukisasisha kerneli, modemu inakufa. Draiva mpya iko wapi? Kwa intaneti. Kwa hivyo unazima Linux, unawasha Windows, unapiga simu, unapakua, unaweka kwa flopi ya megabaiti 1.44, unarudi Linux, unakuta inahitaji faili nyingine ambayo hukuibeba. Unarudi tena Windows. Kila safari ni pesa ya simu.

Kwa chipu za Conexant, kampuni inaitwa Linuxant ilikuuzia draiva. Ya bure ilikuwepo, ila imefungwa kasi ya biti 14,400. Kifaa ni chako, kinaweza 56,000, lakini lipa kwanza. Soma hiyo tena halafu ufikirie zile simu za mkopo zinazojifunga ukichelewa malipo.

Linuxant hiyohiyo ndiyo ya kile kisa cha 2004. Kerneli ya Linux inataka kila draiva itangaze leseni yake. Ikiwa si wazi, kerneli inajiandikia alama kwamba imechafuliwa, ili likitokea tatizo watu wajue kuna kipande ndani yake wasichoweza kukikagua. Draiva ya Linuxant ilijitangaza "GPL", kisha ikaweka baiti ya sifuri, kisha ikaendelea na maneno ya kueleza kwamba si faili zote. Kwa lugha ya C, sifuri ni mwisho wa sentensi. Kwa hivyo kerneli ilisoma "GPL" ikaridhika. Ni kama kusema "nimelipa nauli" kwa sauti, halafu chini ya pumzi "ya jana". Ilipofumaniwa, kampuni ilijitetea kwamba ilitaka tu kuondolea wateja onyo lililokuwa linajirudia kwa skrini. Inawezekana. Lakini angalia lilikoenda tatizo: onyo lilionekana kama kasoro ya Linux, si ya kifaa kilichofichwa siri.

Na hiyo ndiyo hukumu niliyosema. Mteja hakuona mkataba wa siri wala chipu iliyotolewa. Aliona Windows inashika intaneti na Linux haishiki. Tatizo halikuwahi kumalizika vizuri. Laini za kasi zilikuja, simu ya mezani ikaachwa, na draiva zikaoza kwa seva ambazo sai hazifunguki.

Halafu Kenya, baada ya 2008, tukapata modemu zetu za USB. Wasee wa Linux wakazichomeka, na ni nini kikatokea? Zilijitambulisha kama sidii. Sidii yenye programu ya Windows. Modemu ilikuwa imejificha nyuma yake, ikingoja programu hiyo iiambie ibadilike. Mtu alilazimika kuandika usb_modeswitch kwa kazi hiyo moja tu ya kuiambia iache kuigiza. Ikishabadilika, ilitokea kama /dev/ttyUSB0, na ndani yake kulikuwa na nani? Amri za 1981. Uliandika ATDT, na badala ya namba ya simu ukaweka *99#. pppd na wvdial zikaamka kutoka kaburini zikafanya kazi vilevile. Hata ndani ya simu za Android hizo amri bado zipo. Mwaka 2018 watafiti walichambua programu za simu za kampuni 11 wakakusanya amri za AT zipatazo 3,500, na baadhi zingeweza kutumiwa vibaya kupitia waya wa USB tu.

Kama kuna modemu ya USB imelala kwa droo nyumbani kwenu, ichomeke kwa kompyuta ya Linux, fungua minicom kwa ttyUSB0 na uandike AT. Kama hakuna jibu jaribu ttyUSB1, huwa inatokea kwa milango kadhaa. Ikisema OK, andika ATI ikuambie ilitengenezwa na nani. Kisha AT+CSQ, itakupa nguvu ya mawimbi: 31 ndiyo juu kabisa, 99 maana yake haijui. Ukipata 99 kagua kama umeweka laini, na kama umeweka, toka nje ya hiyo nyumba ya mabati ujaribu tena.